Methali ipi, kwa nani, na wakati gani

Methali za Kiswahili anazijua kila mtu. Tulizikariri shuleni, tukajaza nafasi zilizoachwa wazi kwenye mitihani, tukapewa vema zetu, maisha yakaendelea. Kuziishi ni kazi nyingine. Mimi ni shangazi mkubwa katika ukoo wetu hapa Tanga, na kwa desturi yetu shangazi ndiye anayeitwa mambo yakiharibika: mume na mke wameshindwana, ndugu wanagombea nyumba, kijana kakopa kakimbia. Katika vikao hivyo nimesikia methali ikituliza nyumba nzima, na nimesikia methali hiyohiyo, neno kwa neno, ikimtoa mtu mlangoni bila kuaga. Maneno yalikuwa yaleyale. Aliyeyasema, aliyeambiwa na saa yake ndivyo vilivyotofautiana.

Basi ninayoyaandika hapa ni maelekezo ya kutumia maneno ya wahenga nyumbani, pale ambapo mtu amelia, amekasirika au amekwama. Orodha ya methali na maana zake mtaipata kwingine.

Anza miguuni pako

Amulikaye nyoka huanzia miguuni pake. Hii ni methali ya watu waliotembea gizani na mwenge wa makuti mkononi, na ndani yake mna utaratibu kamili: nuru kwanza chini, kwenye unyayo wako, ndipo mbele, ndipo pembeni. Anayeanza kwa kumulika mbali huumwa huku anatazama mbali.

Kwa hiyo methali inapokujia mdomoni kwa ajili ya mtu fulani, imeze kwanza. Jiambie mwenyewe kimoyomoyo, kwa ukali uleule uliokuwa umemwandalia yeye. Ikikuchoma mahali, umeielewa, na hata ukija kuisema itatoka na upole. Isipokuchoma popote, iache siku hiyo, maana bado unaiona ni ya watu wengine, na mwenzio atakusikia hivyo hata ukitabasamu.

Methali inayohitaji kumezwa kuliko zote ni “Nyani haoni kundule.” Kila aisemaye, wakati huohuo anatazama la mwenzake. Ni methali ya kweli kabisa juu ya binadamu, sisi sote tumeumbwa macho yakiangalia nje, na kwa sababu hiyo ni ya kujiambia tu. Sijaona ugomvi uliopona kwa mtu kuambiwa yeye ni nyani.

Jua inamsemesha nani

Kila methali ina msikilizaji wake. Nyingine ni za mtendaji, nyingine za aliyetendwa, nyingine za anayetazama kwa pembeni. Ukiikosea mlango, inageuka kuwa tusi au dhuluma.

Chukua hii: Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Ndugu wenyewe haiwahusu. Inamhusu jirani, wifi, shemeji, rafiki aliyekwishaanza kubeba maneno huku na kule. Inamwambia aondoke, akafanye kazi yake, kwa kuwa hawa watapatana na yeye atabaki na uadui aliouokota. Nikiingia kwenye kikao cha ndugu, huwaambia kwanza wasio ndugu, na wenye busara hunyanyuka.

Au hii: Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Hii ni ya anayesuluhisha. Anayewamba ngoma anashika ngozi mbichi na kuivuta kuelekea kifuani mwake, ndivyo mkono unavyofanya kazi, wala hakuna wizi ndani yake. Mume akikusimulia, ataivuta kwake. Mke naye kwake. Usimwite yeyote kati yao mwongo. Sikiliza mmoja peke yake hadi amalize, kisha mwingine peke yake hadi amalize, kisha wawili pamoja, na utazame ngozi imelegea wapi: mahali ambapo wote wawili hupapita haraka wanaposimulia. Hapo ndipo pana jambo.

Na sasa nizungumze juu ya subira, maana hapa nina uchungu. “Subira huvuta heri” na “Mvumilivu hula mbivu” ni maneno mazuri kwa mtu aliyeichagua subira mwenyewe. Anayejenga kidogokidogo, anayesoma akiwa mtu mzima, anayemuuguza mzazi: huyo mwambie, atapata nguvu. Lakini binti anapigwa na mumewe, anarudi kwao na uso umevimba, na watu wazima wanamkalisha mkekani wanamwambia subira huvuta heri. Heri ya nani? Anayefaidika na subira ile ni anayepiga. Methali ya pale ipo, na wahenga waliiacha makusudi: Heri nusu shari kuliko shari kamili. Aibu ya kuachika ni nusu shari. Mpokee mwanao, mfungulie chumba, maneno mengine yafuate baadaye.

Kipimo changu ni rahisi. Ninayetaka kuisema hii methali, nikiwa mimi ndiye ninayenufaika mwenzangu akiikubali, basi sina haki ya kuisema. Tajiri asimwambie kibarua “Haba na haba hujaza kibaba” siku anayomkata ujira. Mwenye deni asimhubirie mdai wake subira.

Methali za kabla na methali za baada

Hili ndilo watu wanalolikosea zaidi, nami nitakaa nalo kidogo.

Ziko methali za kusemwa kabla jambo halijatokea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Samaki mkunje angali mbichi. Zote hizi zina kazi pale tu ambapo mtu bado anaweza kugeuka. Guu likishavunjika, “asiyesikia la mkuu” si nasaha tena. Ni kumkanyaga mtu palepale panapouma, na anachosikia ni furaha yako ya kuwa ulikuwa na haki.

Ziko za kusemwa baada. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maji yakimwagika hayazoleki. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Na hata hizi za baada zina mpangilio. Siku za kwanza, mtu bado anatazama maji yalivyotapakaa sakafuni, mwache atazame. Ukimletea koleo na uhunzi asubuhi ya pili ataona umeuchukulia msiba wake kijuujuu. Maji kwanza, koleo baadaye, yakishakauka.

“Yaliyopita si ndwele” ina sharti jingine, nami nalisisitiza sana: ni ya aliyekosewa. Aliyekosa haruhusiwi kuisema. Niliitwa nyumbani kwa mpwa wangu mmoja, kodi ya nyumba ya miezi yote ijayo ilikuwa imeishia kwenye kubeti, na mwenye nyumba alikwishakuja mara mbili kugonga. Mkewe amekaa na mtoto mapajani, hasemi kitu. Yule mpwa akasogea mbele ya kiti, akafungua mikono, akasema, “Mke wangu, yaliyopita si ndwele.” Mwanamke akanyanyuka na mtoto wake akaingia jikoni, tukasikia sufuria zinapangwa.

Nikamwambia, “Hiyo si yako, baba. Hiyo ni ya mkeo, siku atakayotaka kuisema. Asipotaka, usimdai.”

“Sasa mimi niseme nini, shangazi?”

“Yako ni fupi. Dawa ya deni kulipa.”

Akanyamaza, kisha akatoa simu mfukoni akaiweka mezani, akaanza kunisomea anadaiwa na nani na kiasi gani, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya kutosha kusikika jikoni. Sufuria zikanyamaza. Hawakupatana usiku ule, lakini mazungumzo ya kweli yalianzia kwenye ile simu. Mtu aliyekosa akishika methali ya aliyekosewa, anajisamehe mwenyewe mbele ya watu. Akishika ya kwake, mwenzake anapata nafasi ya kusamehe au kutosamehe.

Zinapogongana

Vijana huniuliza: shangazi, mbona wahenga wanapingana? Haraka haraka haina baraka, halafu chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Tushike lipi?

Wahenga hawakukaa siku moja wakatunga kitabu. Kila methali ilitoka kwa mtu aliyeona jambo likienda vibaya kwa namna fulani. Mmoja aliona haraka ikivunja, mwingine akaona kuchelewa kukivunja. Zimewekwa mbili ili wewe utazame ulicho nacho mbele yako kisha uchague. Anayejua moja tu katika jozi ndiye anayepotea.

Kwa hizi mbili mimi hujiuliza: kusubiri kunalifanya nini jambo hili? Yako mambo ambayo yakisubiri hukomaa. Hasira hupoa. Mchumba usiyemjua vizuri hujionyesha. Kiwanja kinachouzwa kwa bei ya ajabu hujulikana kina wenyewe wangapi. Hapo haraka haina baraka, na anayekuharakisha umwogope. Yako mambo ambayo yakisubiri huoza. Uvimbe mwilini. Barua ya mahakama. Riba. Kuomba radhi; hili la kuomba radhi huoza kuliko yote, kwa sababu kila siku inayopita inakuwa kosa jipya juu ya la kwanza. Hapo ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kwenye malezi jozi yake ni kali zaidi. Upande mmoja, Mchelea mwana kulia hulia yeye. Upande mwingine, Mtoto akililia wembe mpe. Nimeona wazazi wa wembe tupu, wanaomwachia mtoto kila kitu na kuita hilo uhuru, na wazazi wa kulia tupu, ambao watoto wao wanafika miaka 20 hawajawahi kuamua jambo. Tazama jeraha. Wembe ukimkata, kidonda kitafunga chenyewe? Kama kitafunga, mpe. Akitumia pesa zake zote za wiki siku ya Jumatatu, mwache aione Alhamisi. Akitaka kuuza mitumba badala ya kazi aliyotafutiwa na baba yake, mpe mtaji mdogo wa balo moja, umtazame. Kama kidonda hakifungi, bahari iliyochafuka, pikipiki bila kofia, mtu mzima anayemzoea mtoto wako kwa namna isiyokupendeza, basi alie. Alie hadi usiku, na wewe usitikisike.

Mgeni njoo mwenyeji apone, na mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: hii haina shida kubwa, ya kwanza ni ya mgeni kuisikia, ya pili ni ya mwenyeji kuijua. Umoja ni nguvu, lakini manahodha wengi chombo huenda mrama. Kazi ya mikono iteni watu wengi. Uamuzi mpeni mmoja.

Sema nusu, mwenzio amalizie

Kuna ufundi wa zamani ambao naona unapotea, na ningependa urudi. Methali nyingi za Kiswahili zina mabega mawili. Mkubwa husema la kwanza, akanyamaza. Mdogo husema la pili. “Mtaka cha mvunguni…” “…sharti ainame.” Watu hudhani ni mchezo wa kuamshana kwenye mazungumzo. Mimi naona ni heshima. Neno la mwisho, lile lenye mafunzo, linatoka kinywani mwake mwenyewe. Hujamfundisha, amejisikia akisema. Mtu hagombani na sauti yake kwa urahisi anavyogombana na yako.

Siku ya kikao cha nyumba ya marehemu kaka yangu, wanawe wawili walikuwa wamekaa kwenye ncha mbili za mkeka. Mmoja aliishi Dar es Salaam na ndiye aliyetuma fedha za matibabu ya baba yao. Mwingine alibaki Tanga na ndiye aliyembeba kumpeleka chooni. Kila mmoja alikuja na methali yake tayari. Wa Tanga akasema, “Fimbo ya mbali haiui nyoka.” Wa Dar akajibu palepale, “Mtegemea cha nduguye hufa masikini.” Methali mbili za kweli, na zilitua kama makofi. Mama yao alijifunika ushungi usoni.

Niliwaomba jambo moja: kila mtu anyamaze, atafute methali ambayo angejiambia mwenyewe kuhusu nyumba hii, na akiipata asitamke zaidi ya nusu. Kimya kikawa kirefu. Kuku waliingia, wakafukuzwa. Mwishowe yule wa Dar, akiangalia chini, akasema taratibu, “Mwenda tezi na omo…”

Ndugu yake hakutaka. Nilimwona anavyobana midomo. Lakini baba yao alikuwa baharia na methali ile ndiyo aliyokuwa akiwaimbia wakiwa wadogo, na mdomo ukamshinda: “…marejeo ni ngamani.”

Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni tumbo lake la chini. Tembea chomboni utakavyo, utarudi palepale. Mtu wa Dar es Salaam alikuwa anasema hana kwingine kwa kurudi. Mtu wa Tanga alikuwa amekubali, kwa kinywa chake, kwamba nduguye ana mahali pa kurudi. Baada ya hapo mambo yalikuwa ya kawaida tu: nyumba isiuzwe mama akiwa hai, vyumba viwili vya mbele vipangishwe, kodi imtunze mama, na aliyefanya kazi ya mikono atambuliwe kwa hilo mbele ya wote. Sheikh alikuja wiki iliyofuata kuhesabu fungu la kila mtu, nao walimsikiliza wamekaa upande mmoja.

Kwa hiyo ukitaka kujaribu ufundi huu, zingatia haya: chagua methali anayoijua bila shaka, bora zaidi ile aliyolelewa nayo. Sema nusu yako kwa sauti ya kawaida, usiinue nyusi. Kisha nyamaza kabisa. Asipoimalizia, usiimalizie wewe. Badilisha mazungumzo, uliza habari za watoto. Atakwenda kuimalizia nyumbani.

Juu ya fedha

Methali za fedha ni nyingi, mimi nazishika chache.

“Haba na haba hujaza kibaba” watu huisema kama kwamba mwisho wake ni utajiri. Kibaba ni kipimo kidogo cha nafaka. Vibaba vinne ndiyo pishi moja. Wahenga hawakusema hujaza ghala. Wanakuelekeza utafute chombo kidogo kinachojulikana ukubwa wake, ukijaze, ukifunike, ndipo uanze kingine. Ada ya muhula mmoja. Godoro. Bati za upande mmoja wa paa. Anayeweka akiba “ya maisha” huichota, maana haoni ukingo. Anayejaza kibaba anauona ukingo kila jioni, na mkono unaona haya kuingia.

“Kukopa harusi, kulipa matanga” ni maelezo ya sura ya mtu. Aliyekuja kukopa alikuwa anacheka, amekuletea na matunda. Siku ya kulipa amenuna kana kwamba wewe ndiye uliyemfanyia jambo. Usishangae na usimchukie, ndivyo binadamu alivyo. Ukijua hilo mapema utafanya kama ninavyofanya: ndugu akiniomba, natazama kiasi ambacho kisiporudi nitaendelea kumwita kwenye futari bila kinyongo. Kiasi hicho nampa, na naita zawadi. Kinachozidi namwambia sina, kwa upole, bila hadithi ndefu.

Na pale ambapo wewe ndiye uliyeishiwa na watu wakapungua mlangoni, “Mkono mtupu haulambwi” itakusaidia usijae sumu. Wengi walikuja kwa kilichokuwa mkononi. Si maadui, ni watu. Hesabu waliobaki, uwatunze.

Maneno ya kanga

Siwezi kuzungumza juu ya hekima ya mwambao nikaacha kanga. Maneno yalianza kuchapwa juu yake mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi tunazotumia. Kwa hiyo bibi zetu walipata namna ya kusema bila kufungua kinywa, na hilo lina faida na lina hatari.

Faida yake ni kwenye yale yanayokwama kooni. Mwanamume asiyejua kumshukuru mama yake humnunulia “Nani kama mama” na kazi imekwisha. Mkwe aliyekosana na mama mkwe anaweza kutuma doti yenye maneno ya radhi, na kila mmoja akabaki na heshima yake.

Hatari yake ni kwamba hakuna anayeweza kukujibu. Wapangaji wawili waliochangia ua mmoja walifikia kuanikiana kamba kwa kamba. Mmoja alitandaza “Hasidi hana sababu,” maneno yakielekea dirishani kwa mwenzake, na alipoulizwa akasema ni nguo tu inakauka. Ndiyo, ni nguo inakauka. Lakini mwenzake alishindwa kula. Ushauri wangu ukisimama dukani umeshika kanga ya kuuma: jiulize kama unaweza kumwambia maneno hayo uso kwa uso, mmekaa, naye ana ruhusa ya kukujibu. Kama unaweza, huihitaji kanga, nenda ukamwambie. Kama huwezi, mwambie muuzaji akuoneshe nyingine.

Za kuziacha

Wahenga walikuwa watu, na baadhi ya maneno yao yana vumbi la zama zao. “Masikini akipata matako hulia mbwata” inamcheka mtu kwa kuinuka. Sitaisema mbele ya mtoto wa masikini wala mbele ya mtoto wa tajiri. “Baniani mbaya kiatu chake dawa” ina wazo jema, kwamba usikatae msaada kwa sababu humpendi anayeutoa, lakini imelipachika wazo hilo kwenye mgongo wa jamii ya watu tunaoishi nao mtaa mmoja. “Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo” naipenda kwa kuthamini vitendo, ila “mja” humo ni mtumwa na “muungwana” ni asiye mtumwa: ilizaliwa katika jamii yenye watumwa na mabwana, na utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, si zamani kiasi hicho. Wajukuu wa pande zote mbili wanakaa pamoja kwenye mabaraza yetu leo. Wazo lake unaweza kulisema kwa maneno mengine: mtu hupimwa kwa anachofanya. Hakuna kinachopungua.

Na pako mahali ambapo hata methali nzuri kabisa haina kazi. Mtu amefiwa na mtoto. Mtu hajala tangu jana. “Mwenye shibe hamjui mwenye njaa” iliachwa kwa ajili yetu sisi tuliosimama pembeni tumeshiba, ili tunyamaze. Kwa mfiwa sema pole, kisha tafuta ndoo ukateke maji. Kwa mwenye njaa usiseme kitu, pika.

Namna ya kuzikusanya

Kama una bibi au babu aliye hai, kaa naye na daftari. Lakini usimwombe akutajie methali, atakutajia zilezile za shuleni. Muulize juu ya watu: nani katika ukoo alikuwa bahili, ugomvi upi ulidumu kuliko yote, nani alirudi baada ya kupotea miaka mingi. Methali zitajitokeza zenyewe katikati ya hadithi, na nyingine hujawahi kuzisikia, kwa sababu ni za kijiji kimoja au chombo kimoja. Ikitokea, andika mambo manne kwenye mstari mmoja: methali yenyewe, nani aliisema, aliambiwa nani, na ilikuwa kabla au baada. Mstari ukikosa hayo matatu ya mwisho, rudi kwake kesho ukamuulize, angali yupo.